Siku Niliyowafungia Kuku wa Harusi

Siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, niliondoka kwetu Utange asubuhi na mapema nimevaa sketi nyeusi ya kuazima, bahasha ya vyeti kwapani, na sikumwambia mtu ninakokwenda. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Karibu mwaka mzima nilikuwa nikipeleka barua za kuomba kazi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kupigiwa simu niende usaili, kazi ya ukarani, upande wa Changamwe.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana. Niliogopa jicho la watu, na zaidi niliogopa kuulizwa jioni, "Enhe, umeipata?"

Uani nilikuwa nafuga kuku wa nyama, wale wanaokua upesi, wiki sita wako tayari kwa sufuria. Nilianza ili nisikae bure nikingoja kazi. Siku ile walikuwa sitini, wamenona, na mnunuzi nilikwisha kumpata: Bi Mwanaisha wa Ziwa la Ng'ombe, aliyekuwa anamwoza binti yake Ijumaa. Nami natoka Jumatano.

Kulikuwa na manyunyu. Nikateremsha mapazia ya plastiki kwenye madirisha ya banda, nikayafunga kwa ndani wasilowe, nikatia kufuli kwa ajili ya nguchiro na wezi, ufunguo nikautia mkobani. Nilijiambia mvua hii ni ya kutwa.

Kule ofisini nilikuta watu watatu mezani. Mama mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Tangu umalize chuo, unafanya nini?"

"Sina kazi. Niko nyumbani tu."

Akanitazama kidogo, kama anayetaka kusikia zaidi. Kuku wangu sikuwataja, niliwaonea haya, mwanangu. Nilidhani mtu wa ofisini hawezi kuwa na harufu ya banda.

Nilipotoka nje, jua lilikuwa linachoma. Wallahi, hata hapo kuku hawakunijia akilini. Nilikuwa nahesabu majibu yangu, lipi zuri, lipi baya.

Nilifika Utange alasiri. Kutoka njiani nikamwona Mzee Chengo, jirani yetu, mwashi aliyekwisha kuacha kazi kwa uzee, amesimama kando ya banda langu na nyundo mkononi. Bati moja la ubavuni lilikuwa limeng'olewa.

"Mzee Chengo! Unanivunjia banda?" Nikapiga ukelele, shikamoo sikumpa, mimi niliyelelewa kumwamkia kila asubuhi.

Hakukasirika. Alininyooshea mkono tu. "Lete ufunguo kwanza."

Nilipofungua, mapazia bado yameshuka, joto lilinipiga usoni. Kuku waliokuwa karibu na lile bati lililotolewa walikuwa wameachama midomo, mabawa wameyatanua, wanahema. Wengine wote walikuwa wamekufa. Thelathini na wanane.

"Saa saba niliwasikia wanahangaika," akasema Mzee. "Nikagonga kwako, kimya; nikapiga simu, umeizima. Nikauliza huku na huku, hakuna ajuaye uliko. Nikawamwagia maji juu ya mabati, hayakusaidia. Nikasema, bora unitukane kwa bati moja kuliko wafe wote."

Nikakaa chini nikalia. Aliniacha nilie mpaka nikatulia, ndipo akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Mwanangu, kuku hutoa jasho wapi?"

Nina cheti cha chuo, nina karibu mwaka nawafuga, na swali hilo halijawahi kunipitia kichwani. "Sijui, Mzee."

"Hatoi. Akiona joto huhema tu kwa mdomo. Sikufundishwa na mtu, nimewatazama kutoka kibarazani kwangu. Wewe unawalisha, macho yako kwenye simu." Kisha akashusha sauti. "Na mimi, ulinificha nini? Ulidhani nitakuombea mabaya?"

Hilo la mwisho liliniuma kuliko kuku.

Tukachimba shimo tukawafukia, maana mzoga hauliwi wala hauuzwi. Kabla ya magharibi Mzee akanisindikiza kwa Bi Mwanaisha. Nilimweleza yote bila kupunguza. Alishika tama, akasema, "Umeniudhi. Lakini umekuja leo, nina kesho nzima ya kutafuta wengine. Hao waliobaki niletee."

Kazi ile sikuipata. Mpaka leo natamani kujua yule mama mwenye miwani alitaka kusikia nini.

Kuanzia kesho yake nikawa naketi mbele ya banda nikitazama. Kumbe kuku wana mengi! Kuna pembe ya banda walikuwa hawaikanyagi mchana, nikagundua ndipo bati linapopigwa na jua. Adhuhuri chakula hawakigusi, maji ndiyo wanayotaka. Nikamuuliza Mzee, naye akanitobolea nafasi chini ya paa tukaweka wavu wa waya. Chakula nikawa natoa alfajiri na jioni, na mchana nikawaachia maji tele. Hapo ndipo nilipopata saa zangu za kutafuta kazi, saa ambazo mwaka mzima nililalamika kwamba sina.

Kila kundi jipya la vifaranga tukaligawana nusu kwa nusu mimi na Mzee. Ufunguo wa pili alikaa nao yeye, na kila nikiitwa mahali, nilipita kwake kwanza nikamwambia ninakokwenda. Katika usaili wa tatu nikaulizwa tena ninafanya nini. Nikasema nafuga kuku, nikaeleza wanavyopambana na joto, wakaniuliza maswali mpaka wakasahau vyeti vyangu. Nikawa karani wa bohari. Kuku sikuwaacha, mpaka Mzee Chengo alipofariki, Mungu amrehemu.

Basi nisikilize, wewe unayetuma maombi ya kazi huku una banda uani. Tafuta kazi, usichoke. Lakini hicho ulicho nacho sasa usikione kama benchi la kungojea. Kichunguze, kiulize maswali, ukiulizwa nawe kitaje bila haya. Panga siku zako kwa kadiri ya viumbe wanaokutegemea, wala usiondoke nyumbani pasipo mtu mmoja mwema kujua umekwenda wapi. Na ukikosea, nenda ukaseme siku hiyohiyo.

Mola akujaalie riziki ya halali, akupe majirani wenye huruma, na moyo usiochoka kutaka kujua. Amina.