Kofia ya Kanisani ya Bi. Eluned

Shoga yangu Menna hana mdomo. Ningekuwa mimi, siku ile ningemziba mama yangu mdomo kwa kitambaa cha meza.

Huku kwetu Wales mgeni akija unatoa vikombe vya maua, na ukiulizwa hali unasema sijambo, hata kama roho inatoka. Sasa mgeni wa Jumanne ile alikuwa Bwana Pritchard, afisa wa serikali, kaja kuona kama Bi. Eluned anahitaji kutunzwa. Akiandika ndiyo, bintiye Menna atapata posho ya mlezi. Akiandika hapana, Menna anarudi kiwandani kufungasha biskuti, na mama anapelekwa makao ya wazee. Jirani yao mimi niliitwa niwe shahidi.

Kuingia sebuleni, salaale! Bi. Eluned kakaa wima, kofia ya kanisani kichwani, lulu shingoni.

"Hujambo, mama? Unajimudu?"

"Sijambo kabisa! Najipikia, naoga mwenyewe. Karibu keki, nimeoka kwa mikono yangu."

Mwongo mkubwa! Keki kaoka Menna alfajiri. Maskini, akainamisha kichwa, machozi yanamlengalenga. Nikamfinya aseme neno. Wapi!

Bwana Pritchard akatafuna taratibu. "Tamu kweli. Na hivyo vifungo vya gauni mgongoni, mama, kavifunga nani?"

"Si Menna huyu hapa!"

"Na nywele?"

"Menna."

"Ila kuoga unaoga mwenyewe."

"Mwenyewe! Menna ananiingiza tu, ananisugua, ananitoa."

"Na usiku?"

"Ananigeuza mara tatu. Lakini huyo si mlezi, baba wee, huyo mwanangu! Mlezi ni mtu wa kulipwa."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Menna naye akaangua kicheko, machozi yakamwagika yote. Afisa akajaza ukurasa mzima wa fomu yake. "Nimeona ya kutosha," akasema. "Naandika anahitaji kutunzwa."

Bi. Eluned akanuna. "Mtu unamwambia sijambo, haamini!"

Tulimsindikiza mgeni mpaka mlangoni. Akasimama, anafunga koti. "Kwa hesabu za sensa, walezi wa eneo hili hawafiki kumi. Mimi nashangaa, maana kila mlango ninaobisha namkuta mmoja."

"Watu wa huku, bwana!" nikadakia. "Kiburi kitawaua. Mtu anabeba mzigo miaka na miaka, akiulizwa anakana!"

"Na wewe, mama, unaishi na nani?"

"Na mume wangu, Wyn. Kiharusi kilimpiga, mwaka wa tisa huu. Namlisha, namvisha, namnyoa ndevu. Lakini mimi si..."

Nikaishia hapo. Menna ananitazama, mikono kiunoni. Kwenye sensa, walipouliza kama namtunza mgonjwa nyumbani, nilijibu hapana, tena bila kufikiri.

"Bwana Pritchard," nikasema, "hiyo fomu unayo nyingine?"