Kifua cha Kaka na Mapipa ya Nyololo

Shule nilikaa kidogo tu, lakini kazi naijua, na nilichonacho nimekipata kwa mikono hii. Miaka ya hamsini, kaka yangu na mimi tulipakua petroli kwenye ghala la tajiri mmoja pale Nyololo. Pampu haikuwapo. Unatumbukiza mpira ndani ya pipa, unavuta kwa mdomo, petroli ikikaribia ulimi unaushusha mpira kwenye debe. Baridi ya kule inakata masikio na moto ni marufuku, basi mlango tulifunga, tukashinda ndani ya ule mvuke.

Kaka alikuwa hodari wa kuvuta kuliko wote. Madereva walikuwa wakimtania, "Wewe mzee, bado hujaachishwa kunyonya?"

"Mama huyu ana maziwa mengi, shemeji. Panga foleni!" kaka anajibu, akiligonga pipa.

Halafu kikohozi kikaanza. Alikwenda kukoholea nyuma ya choo, maana nyapara akikusikia anasema una kifua kikuu, kazi huna. Jioni alikunywa maziwa. Sote tuliamini maziwa yanasafisha kifua. Uongo mtupu! Maziwa yanakwenda tumboni, mvuke unakwenda kwenye mapafu.

Asubuhi moja petroli ikampalia. Midomo ikawa myeusi. Wenzetu wakamshika wamnyweshe maziwa atapike. Nikaona pumzi yenyewe haipiti, maziwa yatamsonga; nikawasukuma, nikampakia kwenye lori mpaka hospitali Iringa.

"Angetapika mngemzika," daktari alisema. "Mapafu yameungua. Asirudi ghalani."

"Nikalime kwa pumzi ipi, bwana mganga?" kaka akamuuliza.

Akarudi. Ana mke, ana watoto, afanyeje? Nikawa navuta mapipa yake na yangu, yeye akijifanya anapanga madebe. Nyapara akamkuta ameegemea ukuta, mdomo wazi kama samaki.

"Nenda kwenu, mzee."

Nyumbani hakuweza kulala chali. Shemeji, mke wake, alimwegemeza kwenye gunia la mahindi, akasinzia ameketi. Kula kulimshinda, akitafuna, pumzi inakatika. Siku ya mwisho alinishika ukosi wa shati.

"Mdogo wangu, nipe upepo."

Nikachukua ungo, nikampepea mpaka mabega yakafa ganzi. Shemeji akanipokea, kisha nikampokea tena. Upepo ulijaa chumba kizima. Kaka hakuwa na pa kuuweka.