Kiti cha Dirishani, Nyuma ya Bawa

Muulize yeyote pale Gakoromone, soko la Meru, atakuambia Karambu alijua thamani ya mahali pa kukaa. Sokoni mwenye viazi vibovu na mahali pazuri humshinda mwenye viazi vizuri aliyejibanza uchochoroni, na Karambu alikuwa na vyote viwili. Viazi vyake vilitoka Timau, vikubwa, bado vina udongo mweusi, na kona yake ilikuwa penye njia panda ambapo mnunuzi hapiti bila kumruka miguu. Aliipata kwa kuwahi kabla ya wenzake, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka ikaitwa kwa Karambu. Kuna mama mmoja wa kabichi aliyejaribu kuinyakua siku Karambu alipokwenda kliniki kwa sababu ya hiyo miguu yake inayovimba. Hakujaribu tena.

Hapo konani ndipo simu ya Koome ilipomkuta. Koome alikuwa rafiki wa mwanawe Mithika, wakiishi pamoja Marekani. Alisema Mithika ameanguka akiwa kazini, kwenye ghala, akapelekwa hospitali, na hakuamka. Karambu alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akamalizia kumpimia mteja ndoo yake ya viazi na kumwongezea viwili vya juu kama desturi. Waliokuwa karibu walikuja kusema baadaye kwamba mama yule ana moyo wa jiwe. Porojo tupu. Ilikuwa ganzi, ile ya daktari wa meno, unapoona koleo likiingia kinywani na unasikia mfupa ukivunjika, lakini maumivu yenyewe huyapati. Mithika alikuwa mtoto wake wa pekee.

Ukoo ulikutana nyumbani, kule upande wa Nkubu. Kaberia, mdogo wake Karambu anayekaa Nairobi, alikuja na gari lililojaa watu na maoni.

"Dada, hakuna haja ya wewe kuenda," Kaberia akasema. "Siku hizi mwili inatumwa tu. Koome atapanga kila kitu huko, sisi tunangojea Nairobi."

"Viza yangu ingali iko, ile ya graduesheni yake," Karambu akajibu. "Na mtoto wangu si gunia ya viazi ati atumwe peke yake."

Wakubwa wa ukoo walijua anachosema. Mama yake Karambu, marehemu Ciakuthii, alikuwa na njia yake ya kumrudisha maiti nyumbani, na hakuna mchungaji aliyewahi kumwondolea. Alisema aliyekufa mbali hajui njia. Mtu wa damu yake au wa nyumba yake lazima akae karibu na kichwa chake, na kila wanapofika mtoni amtajie jina la mto na kumwambia tunavuka. La sivyo atafika mwili tu, mwenyewe amebaki ng'ambo akitafuta pa kupita. Karambu alikuwa Mkristo, tena wa kiti cha mbele kanisani. Hata hivyo mume wake Riungu alipofia Embu, alikokuwa dereva wa serikali, Karambu alikataa kukaa mbele na dereva. Alipanda nyuma ya pikapu, akaweka mkono juu ya jeneza upande wa kichwa. Ena, akamwambia. Thuci. Nithi, pale penye kona mbaya. Mutonga, sasa tumekaribia, Baba Mithika. Alifika kwake amejaa vumbi hadi kwenye kope, lakini usiku ule alilala.

Kwa hiyo alikwenda kwa Sulemani.

Sulemani alikuwa na chumba cha kuuzia tiketi juu ya bucha ya ndugu yake Jumaa, karibu na msikiti. Alianzia stendi, akiwapanga watu kwenye mabasi ya Nairobi. Baadaye akanunua kompyuta, akapanda cheo, akawa anawapanga kwenye ndege. Yeye mwenyewe hajawahi kupanda hata moja. Kinyozi hajinyoi. Lakini ungemsikia akieleza habari za viti, ungeapa amezaliwa angani.

"Pole sana, Mama Mithika," akasema, akamvutia kiti. "Mke wangu Hidaya hajala tangu asikie." Kisha, kwa kuwa hakujua la kusema zaidi, akashika lile alilolijua. "Sasa na hiyo miguu yako, nitakutafutia pazuri. Chukua cha njiani, uwe unaamka kujinyoosha bila kuomba watu ruhusa. Kiwe juu ya bawa, hapo haitikisiki sana. Ama hiki cha karibu na mlango, unakunjua miguu kama uko kwako. Usikubali kukaa nyuma. Nyuma kuna choo, watu watapanga foleni begani mwako, na kiti chenyewe hakilali."

Kwenye kompyuta viti vilikuwa visanduku vidogo vidogo, vingine vya kijani, vingine vimezibwa. Karambu alivitazama kama anavyotazama mahali pa kuweka mzigo.

"Ya kuenda, niweke popote," akasema. "Ya kurudi ndio nataka kuchagua."

"Haya. Unataka wapi?"

"Sanduku ya Mithika itawekwa wapi?"

Sulemani aliondoa mkono kwenye kipanya. "Tumboni mwa ndege, mama. Chini ya watu."

"Hiyo chini ni kubwa. Ni upande gani? Mimi nataka kukaa juu yake. Na iwe ya dirisha, ndio nikuwe naona penye tumefika."

Sulemani hakujua. Alikuna ndevu, akakumbuka mabasi yake yote ya stendi, na katika mabasi hayo mzigo mzito huenda kwenye buti, na buti liko nyuma. "Nyuma," akasema. "Nyuma ya bawa, mama." Alilitamka kwa sauti ya mtu aliyepakia mwenyewe. Simlaumu. Mama akikutazama vile, nawe una kompyuta mbele yako, ungejibu nini?

"Basi nipatie hiyo."

"Ni pabaya lakini, Mama Mithika."

"Nipatie."

Habari za Marekani si nyingi. Kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Koome alimpeleka nyumba ya maiti, Karambu akamkuta Mithika amevaa suti asiyoijua, akamgusa paji la uso, akaona limekuwa gumu. Alingoja machozi. Hayakuja. Watu wa ile kampuni ya mazishi walikuwa wapole mno, wanatembea kama wanaogopa kuamsha mtu. Walimwambia, Koome akitafsiri, kwamba asiwe na wasiwasi, wao watamfikisha Nairobi. Wakaomba namba ya simu ya mwenye mwili, Karambu akatoa yake. Siku ya kuondoka Koome alimsindikiza mpaka uwanjani.

"Mithika ameshaingia?" Karambu akauliza.

"Ameshapelekwa, mama. Kila kitu iko sawa."

Basi akazima simu kama alivyoambiwa, akaingia, akatafuta namba ya kiti chake mpaka nyuma kabisa.

Sulemani hakusema uongo kuhusu choo. Watu walijipanga hapo hapo begani kwake, makalio ya kila taifa, mlango ukifunguka na kufungwa, na harufu ikija na kila mmoja. Kiti kilikuwa wima kama benchi la kanisa. Miguu ilivimba mpaka viatu vikakataa, akavivua. Hayo yote aliyajua kama mtu anavyojua kwamba kwa jirani kunanyesha. Aliinama kidogo, akaweka kiganja sakafuni kati ya nyayo zake, akasema kwa Kimeru, polepole, "Mithika, ni mama. Tumeondoka."

Mbele yake kulikuwa na kioo kidogo chenye ramani na ndege nyeupe inayotambaa. Ile bahari kubwa alimtajia yote. Walipobadilisha ndege Ulaya alikwenda tena nyuma, dirishani, akainama tena. Sasa ulikuwa mchana na aliweza kuona. Hii ni bahari nyingine, akamwambia, ndogo kuliko ile ya jana. Hapa ni mchanga mtupu, hakuna mto, pumzika. Palipokuwa hapana maji alimpa habari za nyumbani. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mvua imewahi. Na akamwambia lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu, wala mchungaji, wala Riungu: kwamba zamani, Mithika alipokuwa akiomba viza ya kwenda kusoma, na kanisa zima likimwombea apate, yeye mama yake alikuwa amefumba macho pamoja nao akiomba anyimwe. Alilisema mara moja, kiganja kikiwa sakafuni. Maneno ya namna hiyo mtu huwa nayo ya kutosha mara moja tu.

Mhudumu mmoja, binti Mkenya, alipita na trei akaona miguu yake.

"Mama, umefura! Njoo mbele, kuna safu iko wazi yote. Unaweza hata kulala."

"Asante, mwanangu. Niko na mtoto hapa."

Binti akatazama kiti cha pembeni, palikuwa na mzee wa Kizungu anayekoroma. Akachungulia hata chini ya kiti. "Yuko wapi, mama?"

"Huko chini," Karambu akasema.

Binti alibaki ameshika trei yake mpaka likamwingia. Alikwenda akaleta blanketi, akaitandika sakafuni chini ya miguu ya Karambu, na hakutaja tena habari ya kwenda mbele.

Jioni walitua. Mto wa Nile alikuwa amemtajia, na mpaka wa Kenya. Kaberia alimpokea, akampeleka kwake alale, kwa kuwa mizigo ya namna ile hutolewa asubuhi. Kulipokucha walikwenda kwenye bohari la mizigo la uwanja wa ndege na gari la kubebea maiti. Karani wa hapo alikuwa kijana mwenye adabu. Aliangalia kompyuta yake, akatikisa kichwa.

"Poleni sana. Huyu tumekuwa tukiwangojea. Aliingia jana asubuhi."

"Jana jioni," Kaberia akamsahihisha. "Dada yangu amekuja naye."

"Asubuhi, mzee. Alikuja na ndege ya mizigo, amepitia njia nyingine. Tulipiga simu, haikushika." Akaisoma namba kwa sauti. Ilikuwa ya Karambu.

Hapakuwa na wa kulaumiwa, na hilo ndilo linalonikera. Kaberia aliuliza habari za jeneza, Koome akauliza siku, Sulemani akauliza kiti. Watu wote hao, tena wa Meru, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ndege ni moja, maana kwetu aliyekwenda kuchukua maiti na maiti hurudi kwa gari moja, na hujawahi kusikia vingine. Karambu alikuwa amekaa siku nzima kando ya choo akiyasimulia masanduku ya watu wengine. Alipokuwa akimwambia mwanawe hapa ni mchanga, pumzika, mwanawe alikuwa tayari amelala kwenye saruji ya Nairobi, na simu iko kwenye mkoba, imezimwa.

"Alikuwa na nani?" Karambu akamuuliza karani.

"Mama?"

"Hapa. Tangu jana. Alikuwa na nani?"

Karani alitazama nyuma yake, kwenye makreti ya maua na magunia. "Sisi tu, mama. Wa zamu."

Karambu alisema asante. Walimpa karatasi, akaweka sahihi. Uso wake ulikuwa vile vile kama wa siku ile ya ndoo ya viazi, na Kaberia alianza kuuogopa.

Jeneza likapakiwa. Dereva wa gari lile alikuwa mtu wa Chuka mwenye huruma, akamfungulia mlango wa mbele. "Mama, wewe kaa hapa na mimi. Kuna nafasi ya miguu, na kiti kinalala."

Karambu alizunguka gari. Nyuma, pembeni mwa jeneza, kulikuwa na ubao mwembamba wa kukalia. Alipanda, mkono mmoja umeshika ukuta, akakaa upande wa kichwa. Kaberia, baada ya kusitasita, akaingia akakaa upande wa miguu. Gari likatoka, likaingia barabara kuu ya kwenda Thika.

Kaberia alimwona dada yake akiweka kiganja juu ya mbao, akikitelezesha huku na huku kama anatafuta penye joto. Karambu akafungua kinywa, akakifunga. Akafungua tena.

"Mithika, ni mama," akasema. Halafu sauti ikampasuka. Kilichotoka hapo kilikuwa kilio ambacho Kaberia hajakisikia tangu wakiwa watoto, kikubwa, kisicho na aibu, na dereva akakisikia kupitia kioo akaondoa mguu kwenye mafuta. Kilidumu mpaka wakapita maduka na maghala na vibanda vya miche. Kisha Karambu akajifuta kwa kanga, akarudisha kiganja mahali pake, akaanza kutoka mwanzo. Akamwambia baridi ilivyokuwa asubuhi ile waliyoondoka. Akamwambia samahani, ulikuja peke yako, hukuambiwa kitu. Akamwambia na lile la viza, akalisema lote, neno kwa neno. Kisha akaingia kwenye ile bahari kubwa.

Mbele kibao cha mto Ruiru kilianza kuonekana. Kaberia aligonga kioo, akamwomba dereva asimamishe gari kando, kwa kuwa bahari ilikuwa bado haijavukwa.