Shuka Niliyoiona Kutoka Juu

Ijumaa ya mwisho niliyokula kwa mama, alinipikia samaki wa kupaka na wali wa nazi, akanikalisha mkekani, kisha akaanza dhihaka zake.

"Haya, kapteni, vishada vyako havijambo?"

"Havijambo, mama."

"Jeshi zima, mwanangu, wenzio wakapewa mizinga, wewe wakakupa kishada."

Bakari, kaka yangu, alicheka hadi akapaliwa. Yeye alikuwa mchonga mawe ya kujengea, mikono yake migumu kama jiwe lenyewe, na mbele za watu alinisifu kwa namna yake: ndugu yangu, alikuwa akisema, huruka huku amekaa. Tulikuwa watatu kwa mama, Bakari, mimi na dada yetu aliyeolewa na Omari, na nyumbani kwetu sote ni Likoni, ila mimi nililala kambini. Mama alikuwa mgonjwa wa pumu. Siku ile alikuwa na nafuu, akala vizuri.

Kazi yangu ilikuwa ndege zisizo na rubani. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa luteni, nilipelekwa ng'ambo kuzisomea, nikarudi na cheti ambacho wenzangu hawakujua wakiite nini. Ndege zenyewe zilikuwa ndogo, mabawa yake hayakuzidi urefu wa kitanda cha kamba. Tulizirusha juu ya bahari, wapiga mizinga wakazilenga kujifunza shabaha. Mimi nilisimama ufuoni na kisanduku cha redio kifuani, nikiongoza chombo ambacho kazi yake ilikuwa kupigwa. Zilizonusurika ziliteremka kwa mwavuli, tukazifuata kwa boti, tukazisuuza maji ya chumvi, zikaruka tena. Niliipenda kazi ile, sitasema uongo. Baadaye tukaletewa moja yenye kamera, na picha zake zikaonekana kwenye televisheni ndogo isiyo na rangi.

Mwaka ule wa uchaguzi, katika miaka ya tisini, fujo zikazuka Likoni. Watu wenye mapanga, pinde na bunduki waliwaangukia majirani zao waliotoka bara. Nyumba zikachomwa. Waliojaliwa kupona wakakimbilia makanisani na kivukoni, na godoro kichwani. Kisha askari wakamwagwa kuwasaka wavamizi waliojificha msituni, na hapo ikawa zamu ya wenyeji kukimbia, maana mwanamume wa Kipwani aliyekutwa njiani alipigwa kwanza, akaulizwa baadaye.

Sisi Wapwani tulikuwa wachache kambini. Hakuna aliyenitukana, lakini mezani mazungumzo yalikatika nikiketi. Siku moja nilisikia mtu nyuma yangu akisema kikulacho ki nguoni mwako. Nikaendelea kunywa chai.

Nilimwomba mkuu wangu ruhusa ya saa mbili tu nikamtoe mama. Alikuwa meja, mtu wa bara, muungwana. Nyumba yake ya Likoni ilikuwa imeteketea na mkewe alikuwa kalala kanisani na watoto. "Hamisi," aliniambia, "nikikuachia wewe, nitamzuia nani?" Nikapiga saluti, nikatoka. Barua haziendi, simu hakuna, na mama yuko ng'ambo ya vizuizi vitatu. Nilijua dawa yake inakaribia kwisha.

Siku ya tano nikaamriwa kurusha ndege yenye kamera juu ya ukingo wa msitu.

Wallahi, nilifurahi. Nilidhani nitapitisha ndege juu ya bati la mama, nione kama mlango u wazi, kama kuna kanga kwenye kamba. Lakini mkuu alikaa pembeni yangu na ramani, na njia aliyoichora haikupita nyumbani. Ilipita nyuma ya mashamba, kusikokuwa na nyumba wala barabara.

Saa nne asubuhi, picha ikiruka mistari, tukaona watu. Wanaume kumi na watano hivi, wamesongamana penye uwazi mdogo. Wanne walikuwa wameshika kitu kipana cheupe, kila mmoja na pembe yake, wamekitandaza juu ya ardhi.

"Wanafunika nini?" mkuu akauliza.

Nikazungusha ndege mara ya pili. Nikaizungusha ya tatu. Wale watu walitazama juu, lakini hawakutawanyika.

"Sijui, afande," nikasema. "Wanaficha kitu."

Maneno hayo ni yangu. Hakunilazimisha mtu. Nilikuwa na hamu ya kuonekana mwaminifu, na nimeishi nayo. Kwetu, mwanamke akizikwa, kaburi hufunikwa shuka hadi atiwe ndani, asitazamwe na wasio maharimu wake. Nimeishika pembe ya shuka ile kwa shangazi yangu na kwa nyanya yangu. Ila niliishika nimesimama chini. Kutoka juu sikuijua. Tena makaburi yetu yako karibu na msikiti, hata haikunipitia akilini kwamba barabara ya huko imefungwa, na mwenye maiti atazika anapopata.

Mkuu akasema na doria kwa redio.

Askari wakatokea vichakani.

Wale wanne wakaiachia shuka. Watu wakakimbia kila upande.

Upepo ukaivuta shuka kando, nikaona shimo. Jembamba, limenyooka. Nilijua mara moja.

"Afande, ni kaburi. Wanazika. Waambie ni mazishi."

Mkuu aliikamata redio.

Mtu akachomoza ardhini, kichwa, kisha mabega. Alikuwa ameinua mkono mmoja. Akarudi chini.

Picha haikuwa na sauti. Tulikaa tukitazama lile shimo mpaka mafuta yakakaribia kwisha, na mkuu akasema polepole, "Rudisha ndege." Nikairudisha salama, bila mkwaruzo.

Kesho yake Omari alikuja lango la kambi. Nilipomwona hana kofia, yeye asiyetoka bila kofia, nikajua ni msiba. Tulisimama na waya katikati yetu.

"Mama ametutoka juzi usiku," akasema. "Kifua."

"Inna lillahi. Mmemzika?"

"Tumemzika mara mbili."

Akanieleza yote. Bakari ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mama, na askari walipofika alikuwa bado anamlaza. Aliinuka kuwaambia ni mazishi. Alimwangukia mama. Usiku watu walirudi kimya kimya, wakamtoa Bakari, wakamfukia mama, wakamchimbia mwanawe ubavuni pake. Omari alilia. Mimi sikulia, na alidhani ni ushupavu wa kiaskari.

Ripoti iliandikwa kwamba watu wa kushukiwa walitawanywa. Mwaka uliofuata nikawa meja. Nilifundisha vijana kurusha, na kila darasa niliwauliza mnaona nini, na sasa je, hata wakanichoka. Nyumbani nilikwenda kila Idi, nikawapelekea nguo watoto wa Bakari, nao wakanibusu mkono. Nilikuwa nikiuosha mkono huo baadaye, sijui kwa nini.

Nilipostaafu nikaona siwezi tena. Nikamwendea Omari, nikamkuta akikuna nazi barazani. Nikamwambia, shemeji, ile ndege ya siku ile, mrushaji alikuwa mimi, na aliyesema mnaficha kitu ni mimi.

Hakuacha kukuna mara moja.

"Kwamba ni wewe unarusha, tulijua," akasema. "Likoni nzima nani hajui mlio wa ndege yako? Hilo la pili ndilo sikujua."

Nikamwuliza, kama mlijua, mbona hamkukimbia?

"Tulitaka kukimbia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha legeza pembe yangu ya shuka. Bakari akatukataza, yuko mle chini na mama mikononi. Akasema, 'Shikeni shuka, msiogope. Ni Hamisi huyo. Wamemnyima ruhusa, amekuja vile awezavyo kumzika mama.'"

Omari akasogeza mbuzi ya kukunia kando, akafuta mikono.

"Akakungoja umalize kuzunguka," akasema. "Udongo tungekuwa tumekwisha tia. Alisema tusiharakishe, umuone."