Chombo cha Ndege Dirishani

Tangu miti ya mtaa wetu ikatwe, ndege hawaji tena, na mzee jirani yangu amebadilisha chombo cha kuwalishia mara tatu: kopo, chupa, na sasa sahani ya udongo. Uwele anaupuliza makapi, anauchambua mawe kwa ukucha kana kwamba anapikia wageni. "Labda uwele hawautaki," huniambia kutoka upande wa pili wa ukuta. Leo nimemwona akimwaga nusu ya uwele nyuma ya pipa, akautawanya uliobaki kwa kidole, kisha akakisogeza kiti cha magurudumu cha mkewe hadi dirishani.

"Wamekula, mama watoto! Wamekuja ukiwa umelala."

"Sikulala, baba watoto," akasema mkewe taratibu. "Nilifumba macho tu, nisikilize kama watakuja."