Kaye ya Umeme

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika chochote isipokuwa sabuni. Laboratwari ya zoolojia ilikuwa Rohero, katikati ya Bujumbura, ghorofa ya chini. Profesa, shefu wangu wa kwanza, alinionyesha sinki iliyojaa vile vioo vyembamba vya kuwekea vipande chini ya mikroskopi, akasema nivioshe mpaka nivione kama havipo. Niliosha mpaka adhuhuri. Akachukua kimoja, akakiinua dirishani, akanirudishia. Nikaanza upya. Mimi mtoto wa mtaa wa Bwiza, baba yangu fundi magari, nilizoea mikono yenye grisi. Siku hiyo nilirudi nyumbani vidole vimekunjamana kama vya mwosha maiti, na mama akanicheka hadi magharibi.

Nyinyi vijana wa leo mna mashine kwa kila kazi, kwa hiyo nieleze laborantini alikuwa nani. Ni yule anayeandaa kila kitu kabla mwenye diploma hajaingia. Anakata vipande, anavipaka rangi, anabadilisha maji kwenye mabeseni ya kioo, analisha waliomo. Kwetu Bujumbura alikuwa na kazi moja zaidi, kushika kaye ya umeme, yaani daftari. Umeme wetu huja na kuondoka upendavyo, na mnyama anayeishi kwa taa hajui kusubiri. Ulipokatika niliandika saa, uliporudi niliandika saa. Profesa hakumwamini mtu, hata mkewe nadhani, lakini kaye yangu aliiamini. Wageni wakimuuliza aliwajibu, “Kama Saidi ameandika ilikuwa giza, basi ilikuwa giza.” Sikuwahi kupewa cheti kingine.

Baada ya miaka michache nikahamishiwa kituo cha ziwani, kusini mwa mji, kwenye miamba. Mkuu wa Kituo alipenda samaki tu, vingine vyote aliviita takataka. Huko ndiko nilikojuana na sifongo. Msifikirie sifongo ya kuogea. Hii ni mnyama hai aliyeganda juu ya jiwe, hana mdomo wala miguu. Niligundua kwamba juu ya jiwe, jua linapofika, sifongo ni ya kijani, na chini ya jiwe hilohilo imepauka. Nikaifunika moja ya kijani kwa sufuria kuukuu. Baada ya majuma kadhaa ikapauka. Nikaifunua, ukijani ukarudi polepole. Nilipokata kipande na kukitazama kwenye mikroskopi nikaona ndani ya nyama yake vitone vya kijani, vingi mno. Ni mwani, ule mdogo usioonekana kwa macho. Unakaa ndani ya mnyama, unapata kinga, na kwa mwanga wa jua unatengeneza chakula ambacho mnyama naye anakula. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hayo hakunifundisha mtu. Niliyaona mwenyewe, na sufuria ilikuwa ya mama.

Niliporudishwa mjini nikamweleza Profesa. Alisimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaniambia kwamba baharini matumbawe na jamaa zao wanaishi vivyo hivyo, na mwani wao ukiwatoka wanakuwa weupe na njaa inawaanza. Kwa mwezi mzima alifundisha sifongo yangu darasani. Kisha ikaja nafasi ya staji, mafunzo ya miezi mitatu pwani, kwenye matumbawe yenyewe. Nikanunua viatu vipya. Aliyepelekwa ni Espérance.

Espérance alikuwa asistanti mpya kutoka Gitega, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Ule mwani aliujua kwa kuoneshwa na mimi. Nilipokwenda kumuuliza Profesa alinijibu bila ukali.

“Saidi, we uko na macho. Yeye iko na diploma. Bahari inaomba diploma.”

Nilimwonea wivu, sitafuti neno jingine. Aliporudi niliona wivu hata kwa ngozi yake iliyoungua jua. Kila sentensi yake ilikuwa na bahari ndani. Wenzetu aliwaletea makombe, mimi aliniletea chupa ndogo ya maji ya chumvi, akasema, “Mzee Saidi, ni ili na we uionje bahari.” Nilishukuru, nikangoja atoke, nikaimwaga kwenye sinki.

Alileta pia mnyama wake, ndani ya sanduku la barafu lisilo na barafu: anemoni, jamaa laini wa matumbawe, mwenye mikono mingi kama nyuzi. Rangi yake ilikuwa kahawia ya dhahabu, na rangi hiyo ilikuwa ya mwani uliomo ndani yake. Tulimwekea beseni la kioo, maji ya chumvi, pampu ya hewa na taa kali. Espérance alikuwa akiandika tasnifu juu yake. Baada ya likizo kubwa jopo lingekuja kumtazama mnyama na kumsikiliza mwenye mnyama. Akifaulu angepata kazi ya kudumu. Asipofaulu mkataba wake ulikuwa umefika mwisho.

Katika likizo hiyo alipanda Gitega kwa wiki tatu, harusi ya mdogo wake. Aliniachia ufunguo, na mukeke kadhaa, samaki wa ziwa letu, kwenye frigo wa kumlisha mnyama. Jengo lilikuwa tupu. Siku ya pili nilisimama mbele ya beseni, nikafikiria sufuria ya mama, na mkono wangu ukaenda kwenye swichi ya taa.

Pampu niliiacha. Kila siku ya pili nilikata kipande cha mukeke, mgumu mpaka kisu kikalia, nikamlisha yule mnyama mwenyewe, maana sikutaka afe. Nilitaka apauke tu. Na kwenye kaye, kwa mwandiko wangu uleule, niliandika: transfoma ya mtaa imeungua, hakuna umeme. Nikaandika hivyo wiki tatu. Nani Bujumbura angeshangaa?

Espérance alirudi Jumatatu asubuhi. Mnyama alikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Aliinama akamtazama. Nikamwambia habari ya transfoma, nikaongeza kwamba hewa nilimpigia kwa pampu ya baiskeli. Alisoma kaye, akafungua frigo, akaifunga.

“Umeme,” akasema.

“Umeme,” nikasema.

“Haya.”

Basi. Aliwasha taa, akaomba jopo liahirishwe, akaongezewa miezi. Mnyama akarudisha rangi yake kidogo kidogo, naye Espérance akachukua ufunguo wake, akawa anafanya kazi kabla sijafika na baada ya kuondoka kwangu. Na mjue ubaya wangu ulivyonigeuka: sura iliyosifiwa kuliko zote katika tasnifu yake ilikuwa hiyo ya mnyama kupauka na kupata rangi tena. Nilikuwa nimemjengea daraja kwa mikono yangu.

Nilipopata nakala niliruka yote nikaenda kwenye shukrani. Amemshukuru Profesa. Amemshukuru dereva, zamu wa getini, hata mama aliyetuletea chai. Saidi hayumo. Nikafunga kitabu. Kosa langu nililisahau palepale, likabaki lake.

Profesa alipostaafu, Espérance akawa shefu wangu, wa mwisho, kwa miaka mingi. Alinipa heshima yote, aliniita Mzee Saidi mbele ya wanafunzi, na watoto wangu walipougua alinipa ruhusa bila maswali. Lakini alinunua kifaa kinachojiandikia chenyewe saa za umeme, na kaye yangu hakuifungua tena. Niliendelea kuiandika. Niliona ni kiburi cha diploma. Siku ya kuagwa kwangu kulikuwa na brosheti za nyama na Fanta, na hotuba yake ilikuwa nzuri, nami muda wote nilikuwa nikiwaza ukurasa ule wa shukrani. Nikaondoka na kaye zangu zote ndani ya mfuko, hakuna aliyezitaka.

Mwaka jana nikasikia naye amestaafu. Nikasema sasa hawezi kunipunguzia chochote, nitamuuliza. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilipanda mpaka nyumbani kwake, Kinanira.

Alinikaribisha barazani, akanitengea chai, tukaulizana wajukuu. Kisha nikamuuliza kwa nini alimshukuru hata zamu akaniacha mimi. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Alizungusha kijiko kwenye kikombe.

“Mzee Saidi, wiki tatu bila umeme, na mukeke yangu haikunuka.”

Sikuelewa mara moja. Halafu nikasikia kile kisu kikilia kwenye barafu. Mukeke ule ulioganda nilikuwa nimeukata kwa mkono wangu, kila siku ya pili, wiki tatu.

“Mbona haukusema?” nikamuuliza.

“Ningesema, walikuwa wanakufukuza. Na watoto yako walikuwa wadogo.” Akanywa chai. “Lakini ningeweka jina yako, jopo ingeomba kaye. Zile siku zako sikutumia hata moja. Mi nilifunika mnyama upya na kitambaa nyeusi, nikahesabu mwenyewe.”

Nilimwomba msamaha. Alisema alikwisha kunisamehe zamani, nikamwamini, na hilo ndilo lililoniuma. Niliteremka mjini kwa miguu. Tangu ujana wangu nilimwonea wivu kwa bahari, kwa diploma, kwa kiti cha shefu. Sasa namwonea wivu kwa sababu aliweza kukaa na mimi chumba kimoja miaka yote hiyo, akijua, bila kunionyesha uso mbaya. Mimi nisingeweza hata wiki.

Vijana, mambo ya mwani mtayasoma vitabuni, na vitabu vya leo vinajua kuliko mimi. Kitu ambacho laborantini alikuwa nacho ni neno lake kuaminiwa na mtu ambaye hakuwepo. Mimi nilikuwa nacho, nikakitumia kumpausha mnyama asiye na kosa.

Nilipofika Bwiza nilitoa kaye ile kwenye mfuko niliotoka nao kazini, nikatafuta ukurasa. Wino umefifia lakini unasomeka. Chini ya mstari wa mwisho wa zile wiki tatu nikaandika, kwa mwandiko uleule: Umeme ulikuwepo siku zote. Taa niliizima mimi, Saidi.