Jogoo wa Mzee Ramadhani

Hii aibu niliapa sitaisimulia, lakini kwa kuwa kule Misigiri watu wanaisimulia bila mimi, tena kwa kuongeza chumvi, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni mwinjilisti wa Anglikana. Nilitumwa kuanzisha kanisa kwenye kijiji kimoja karibu na Misigiri, na miezi ile ya mwanzo kanisa lilikuwa mimi, Baba Yona na mkewe, kina mama wachache, na watoto waliofuata ngoma. Tulikuwa tunasalia kwenye banda la alizeti la Mzee Ramadhani, mwislamu, aliyetuazima kwa moyo mweupe akasema kaeni mpaka mavuno, halafu tutaona. Hiyo "tutaona" ndiyo ilikuwa inaninyima raha, maana pale kijijini hakuna banda jingine, na bila banda hakuna kanisa, kuna mimi na ngoma yangu juani.

Jumapili moja Kasisi wetu alikuwa anakuja kuangalia kama tumekomaa, na kuzungumza na Mzee ili tubaki. Nikaamka mapema, nikapiga pasi kanzu nyeupe (ya kuazima, inanipwaya), nafika bandani naangalia sadaka zilizotangulia: mayai kwenye bakuli, alizeti kidogo kwenye ungo, na boga. Mgeni mkubwa namna ile nimlishe boga? Nikageuka, na hapo kwenye nguzo ya mlango nikamwona jogoo mwekundu, kifua mbele, amefungwa kamba mguuni.

Jamani, kwetu mnakujua. Mtu akileta kuku wa sadaka anamfunga mlangoni, anaingia kusali. Ningeweza kuuliza ni wa nani, ndiyo, watu walikuwepo. Lakini nilikuwa nimefurahi mno, na nikifurahi mimi huwa siulizi kitu.

Wakati wa matoleo nikatangaza kwamba kuna mtu katoa jogoo kimyakimya lakini mimi namjua (kumbe nakisia tu), Baba Yona simama. Baba Yona akasimama, akainamisha kichwa, watu wakapiga makofi, Kasisi akampa mkono. (Baadaye nilipomuuliza kwa nini hakukataa, akanijibu, "Umeniita mbele ya mgeni, mwinjilisti, nikuumbue?") Nikamwinua jogoo juu nimwombee, naye katikati ya maombi akaninyea begani, kwenye kanzu ya watu, nikazidisha sauti kama vile ni sehemu ya ibada.

Ibada ikaisha, jogoo akapelekwa kwa Mama Yona jikoni. Sasa huku kuku wa shughuli huitiwa mwislamu amchinje, ili jirani yeyote ale bila wasiwasi, na nikajiona nina akili sana: Mzee Ramadhani aje achinje, ale na Kasisi, wakishiba wazungumze habari za banda. Nikamfuata mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Tunaomba utuchinjie, tuna mgeni."

"Marahaba. Kuku wa nani?"

"Wa kanisa, mzee."

Akachukua kisu, tukaongozana tunazungumza habari za mvua. Tunafika, watu wote wamekaa uani, Kasisi kwenye kiti, na Mama Yona akamleta jogoo. Yule jogoo kumwona Mzee tu, akawika. Mzee akasimama, akamtazama jogoo, kisha akanitazama mimi kuanzia doa la begani mpaka viatu.

"Mwinjilisti, huyu ni jogoo wangu."

"Mzee, alikuwa mlangoni," nikasema.

"Banda langu, nguzo yangu, jogoo wangu. Nilimfunga asiende kupigana kwa jirani. Ningemfunga wapi, kwako?"

Kasisi akauliza taratibu, "Si alitolewa na Baba Yona?" Watu wote wakamgeukia Baba Yona, naye akawa anaangalia mawingu. Mzee akamchukua jogoo wake, akamweka kwapani, akasema, "Habari ya hilo banda nitaifikiria," akaondoka. Kasisi akala ugali wa mtama na mlenda, na wakati anapanda pikipiki ndipo akaniambia, "Nitarudi mavuno, kama mtakuwa bado na mahali pa kusalia."

Niliogopa kweli, si utani. Kesho yake, hata chai sijanywa, nikaenda kwa Mzee nikamwambia nimekosa, nilipaswa kuuliza. Alikuwa anawamwagia kuku mtama, akaumaliza kwanza.

"Mlimwombea?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona bado anapigana?"

Hapo akacheka mpaka akashika ukuta. Alipotulia akanipa sharti: kila Jumapili, kabla sijapiga ngoma, nipite kwake nimuulize kama ana kitu chake mlangoni. Basi nikawa napita. Shikamoo mzee, una kitu mlangoni? Marahaba, sina, kaa unywe uji. Tukizoeana hivyo uji ukawa mrefu, mpaka siku nyingine nasikia ngoma inapigwa na watoto wenyewe bila mwinjilisti.

Jumapili ya mavuno, Kasisi keshafika, mimi mbiombio za maandalizi nikasahau kupita. Nafika bandani, jogoo yuleyule, nguzo ileile, kamba mguuni. Nikatoka mbio nimekunja kanzu mpaka magotini, waumini wananishangaa.

"Shikamoo mzee. Jogoo wako yuko mlangoni."

"Marahaba. Najua. Leo nimemleta."

"Umemleta... asipigane?"

"Nimewaletea sadaka ya mavuno. Na mkitoka, njoo na Kasisi tuongee. Alizeti nitaweka kwingine, ninyi kaeni hapo hapo mpaka mjenge."

Nikamwomba aje aseme tena mbele ya Kasisi, akaja akasema, kisu kikiwa tayari mkononi. Tangu siku ile sipokei kuku mpaka mwenyewe asimame naye mkononi nimwone, hata kama atanyewa. Na Baba Yona, umwite mara ngapi, hasimami.